Kahawa Isiuzwe Ikiwa Maua: Gharama za Ubingwa wa Ng'ambo kwa Mtumishi wa Afya wa Kagera

Katika Rwamishenye, pembezoni mwa mji wa Bukoba, hupita kila siku wasafiri wa namna mbili. Wa kwanza ni mgonjwa mwenye barua ya rufaa, anayeshika njia ya Muleba kuelekea Mwanza kumtafuta daktari bingwa asiyepatikana karibu na nyumbani kwake. Wa pili ni daktari, muuguzi au mtaalamu wa maabara anayeondoka kwenda kuutafuta ubingwa huo katika nchi za nje. Safari zote mbili aghalabu hulipiwa kutoka mfuko mmoja: kibanja cha migomba, mibuni iliyomo ndani yake, mshahara wa mtu mmoja na michango ya ndugu. Mfuko huo ni mdogo, na msafiri wa pili akiutumia vibaya, wa kwanza hatapata nafuu yoyote.

Makala haya yanashikilia hoja moja. Masomo ya uzamili ng'ambo yapangwe kuanzia mwisho wake, yaani kazi itakayofanywa baada ya kurudi. Na kwa kuwa kazi hiyo ni ya mkoa mzima, gharama yake isibebwe na ukoo peke yake.

Wakulima wa Kagera wanalo neno linaloieleza hatari iliyopo vizuri kuliko lugha ya wahasibu. Neno hilo ni butura: kuuza kahawa ikingali maua au punje changa mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu shida haikungoja mavuno. Serikali imeipiga marufuku biashara hiyo, lakini chanzo chake ni kilekile siku zote: muuzaji hana muda, na mnunuzi analijua hilo. Masomo ya ng'ambo nayo yana butura yake. Barua ya udahili hufika, chuo kikitaka malipo ya awali ndani ya majuma machache. Hapo ndipo kipande cha kibanja huuzwa kwa jirani mwenye fedha taslimu, mkopo huchukuliwa kwa riba isiyosomwa vizuri, na shangazi huombwa akiba yake ya uzeeni. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sherehe ya kuagana uwanja wa ndege hudumu siku moja. Marejesho hudumu miaka.

Kagera si mgeni wa masomo ya ng'ambo. Laurean Rugambwa, aliyepewa upadri mwaka 1943, alipelekwa Roma na kurudi na shahada ya udaktari wa sheria za Kanisa. Mwaka 1960 akawa kardinali. Josiah Kibira alisoma Ujerumani na Marekani kabla ya kuliongoza Kanisa la Kilutheri huku nyumbani, na mwaka 1977 akachaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni. Walitumwa na taasisi zilizokuwa na kazi ya kuwapa waliporudi.

Katika tiba, mfano bora zaidi ulitokea mkoani humohumo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kutokana na msiba huo, watafiti wa Muhimbili walishirikiana na Chuo Kikuu cha Umeå cha Sweden katika mradi wa utafiti wa UKIMWI mkoani Kagera. Japhet Killewo alitunukiwa shahada ya uzamivu huko Umeå mwaka 1994, na Gideon Kwesigabo mwaka 2001. Tasnifu zao zilihusu Kagera: wanafunzi walikwenda Sweden kusoma na kuchambua, na utafiti wenyewe ukafanyika nyumbani. Kazi hiyo ndiyo iliyoonyesha kwamba maambukizi ya VVU miongoni mwa watu wazima wa mji wa Bukoba yalishuka kutoka takriban asilimia 24 mwaka 1987 hadi takriban asilimia 13 mwaka 1996. Shahada zilipatikana, na mkoa ukapata maarifa uliyoyahitaji. Swali lililopeleka wanafunzi Ulaya lilikuwa limeulizwa Bukoba kwanza.

Leo mambo mengi huanza kinyume. Mtumishi huona tangazo la chuo, huvutiwa na jina la mji, huomba, hukubaliwa, kisha ndipo hujiuliza atakuwa nani akirudi. Lakini kuna maswali matatu yanayopaswa kujibiwa kabla ya senti moja kutoka.

La kwanza ni utambuzi. Si kila shahada yenye neno upasuaji humfanya mwenye nayo kuwa daktari bingwa wa upasuaji. Shahada nyingi za uzamili za mwaka mmoja katika vyuo vya Ulaya ni za nadharia na utafiti. Mwanafunzi hamgusi mgonjwa, kwa kuwa hana usajili wa kutibu katika nchi ile. India nayo ina mafunzo ya ubingwa ya miaka mitatu, na juu yake ubingwa bobezi wa miaka mitatu mingine; pamoja na hayo ina kozi fupi nyingi zinazotoa cheti cha ushiriki tu. Kozi hizo zaweza kumnoa aliye bingwa tayari, lakini hazimfanyi asiye bingwa kuwa bingwa. Kwa hiyo mtumishi aliulize mapema Baraza la Madaktari Tanganyika, au Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania kwa muuguzi, kama mafunzo anayoyataka yatatambuliwa. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania nayo hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma nje, na ndiyo itakayoihakiki shahada yake akirudi. Ni afadhali kuambiwa hapana kabla ya kulipa ada kuliko baada ya kurudi na begi la vyeti.

La pili ni nafasi. Hospitali atakayorudi ina chumba, vifaa na wenzake wa kufanya kazi hiyo? Na mwajiri ameridhia kwa maandishi? Mtumishi wa umma anayeondoka bila ruhusa ya masomo huhatarisha mshahara na ajira yake kwa pamoja, na huo ndio mhimili wa mpango wake wote wa fedha.

La tatu ni fedha zenyewe, na hapa hesabu isiyo na huruma ni tendo la huruma. Uchukuliwe mfano wa daktari kijana mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 1,500,000 kwa mwezi. Ikiwa alisomeshwa kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, asilimia 15, yaani shilingi 225,000, hukatwa kwa ajili ya deni hilo. Huongezwa asilimia 5 ya hifadhi ya jamii, asilimia 3 ya bima ya afya na kodi ya mapato. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, jumla ya makato hufikia karibu shilingi 600,000. Kanuni za utumishi wa umma zinataka mtumishi asibakiwe na chini ya theluthi moja ya mshahara wake, kwa mfano huu shilingi 500,000. Nafasi iliyobaki kwa mkopo wowote mpya ni takriban shilingi 400,000 kwa mwezi, sawa na shilingi 4,800,000 kwa mwaka. Na fedha hizo ndizo alizokuwa akizitumia kwa kodi ya nyumba na watoto, huku posho za zamu zikikoma siku anapoacha kuingia zamu.

Upande wa pili wa mizani kuna ada. Chuo kikitoza dola 10,000 kwa mwaka, dola ilipokuwa karibu shilingi 2,300 mwanzoni mwa mwaka 2023, hiyo ilikuwa shilingi milioni 23. Katikati ya mwaka 2024 dola ilikaribia shilingi 2,700, na ada ileile ikawa milioni 27. Milioni nne ziliongezeka bila chuo kupandisha ada hata kwa senti moja. Uwezo wote wa kukopa wa daktari yule kwa mwaka haufiki hata sehemu moja ya tano ya ada hiyo, na bado hajala, hajalala, wala hajakata tiketi.

Ada nayo si gharama ya mwisho. Ujerumani humtaka mwanafunzi anayejilipia aonyeshe fedha za kujikimu katika akaunti maalumu. Tangu Septemba 2024 kiasi hicho ni euro 11,904 kwa mwaka, ambazo hutolewa kwa mafungu ya euro 992 kwa mwezi. Uingereza hutaka fedha za ada na kujikimu ziwe zimekaa benki kwa siku 28 mfululizo kabla ya kuomba viza, na tangu Februari 2024 mwanafunzi hulipia huduma ya afya pauni 776 kwa kila mwaka wa viza. Tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wa uzamili nchini humo hawaruhusiwi kwenda na mke, mume au watoto. Basi mwenye familia apange matumizi ya nyumba mbili. Kukopa kwa muda ili benki ionekane imejaa, kisha kurudisha fedha baada ya viza kutoka, ni njia ya kufika ugenini bila chakula.

Hesabu hizo zinaleta hitimisho moja: kwa mtumishi wa kawaida, ubingwa wa ng'ambo hauwezi kulipiwa na mshahara wake. Lazima uwepo ufadhili. Hapo nako kuna mitego inayofaa kujulikana. India, kupitia Baraza lake la Mahusiano ya Kitamaduni, hutoa ufadhili kwa wanafunzi wengi wa Afrika, lakini mpango huo hauhusishi udaktari wa tiba, udaktari wa meno wala uuguzi. Anayeutegemea kwa ubingwa wa tiba anapoteza mwaka. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza hulipia shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, hutaka uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili, na humtaka mfadhiliwa arudi nchini kwake kwa angalau miaka miwili. Unamfaa mtaalamu wa afya ya jamii au sera, wala si anayetaka kujifunza kushika kisu cha upasuaji. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola, ulioanzishwa mwaka 1959, una hata nafasi za masomo ya masafa, ambapo muuguzi wa Muleba aweza kusoma shahada ya afya ya jamii ya chuo cha Uingereza bila kuiacha wodi yake. Maombi ya fedha hizo hufunguliwa miezi mingi kabla ya masomo kuanza. Anayeanza kutafuta mfadhili baada ya kupata udahili amekwisha kuchelewa. Ndiye anayeishia kwenye butura.

Lipo pia swali la maana ya neno ng'ambo. Kwa mkazi wa Bukoba, Kampala ni karibu mno kuliko Dar es Salaam. Kabla Chuo cha Tiba cha Dar es Salaam hakijaanza mwaka 1963, madaktari wa Tanganyika walisomea Makerere, na njia hiyo haijafungwa. Makerere na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara hutoa mafunzo ya ubingwa, na wagonjwa wa kule wana magonjwa yaleyale yaliyopo Kagera: malaria kali, uzazi uliokwama, majeraha ya pikipiki. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao Arusha, hufundisha mabingwa wakiwa kazini katika hospitali zilizoidhinishwa, kwa muda wa takriban miaka mitano. Bugando, Muhimbili na KCMC zipo. Kabla ya kuvuka bahari, mtumishi apaswa kuonyesha ni kitu gani kinapatikana kule ambacho hakipatikani ng'ambo hii ya ziwa. Pengine kipo: upasuaji bobezi wa watoto wachanga, au tiba ya saratani kwa mashine zisizopatikana nchini. Kikiwapo, safari ina hoja. Kisipokuwapo, ni fahari tu inayolipiwa kwa shamba la baba.

Wajibu, hata hivyo, si wa msafiri peke yake. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilianzishwa mwaka 2015, na wagonjwa wengi ambao zamani wangesafirishwa kwenda India sasa hutibiwa Dar es Salaam. Moyo haupasuliwi na mtu mmoja. Anatakiwa daktari wa usingizi, mtaalamu wa mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, wauguzi wa chumba cha uangalizi maalumu na fundi wa vifaa tiba. Kwa sababu hiyo mtindo wa kusomesha kwa seti, daktari pamoja na wauguzi na mafundi wake, una busara kuliko kumpeleka mtu mmoja na kumngojea kama mvua. Bingwa wa figo anayerudi mahali pasipo muuguzi wa kusafisha damu wala maji safi ya mashine atakaa mwaka mmoja, kisha ataomba uhamisho. Atalaumiwa kwa kukosa uzalendo, ilhali alichokosa ni seti.

Mkoa huu unajua bei ya kutokuwa na wataalamu karibu. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa Wilaya ya Bukoba. Watu tisa waliugua na sita wakafariki, mtumishi wa afya akiwa miongoni mwao. Ugonjwa ulipozuka tena Biharamulo Januari 2025, sampuli zilipimwa kwanza katika maabara tembezi ya Kabaile, mkoani humohumo, kabla ya kuthibitishwa Dar es Salaam. Maabara karibu na mgonjwa huhitaji watu waliofundishwa kuitumia. Mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko au wa virusi anayeishi Kagera ni kinga kwa watu ambao hawatalijua hata jina lake.

Ndiyo maana halmashauri, hospitali za serikali na zile za makanisa, kama Rubya, Kagondo na Ndolage wilayani Muleba, zingefanya jambo lisilo na gharama kubwa: kutangaza kila mwaka, kwa pamoja, fani tano au sita ambazo mkoa unazihitaji zaidi katika muongo ujao, pamoja na hospitali itakayompokea kila bingwa na vifaa vitakavyomngoja. Orodha hiyo ikibandikwa ukutani, kijana ajue kipi cha kusomea. Mfadhili naye humwamini zaidi mwombaji mwenye barua ya hospitali inayosema: akirudi, atafanya kazi hii, katika chumba hiki, pamoja na watu hawa. Vyama vya ushirika, makanisa, misikiti na wana Kagera walio mbali wangeweza kuchangia mfuko mmoja wenye kanuni zinazosomeka, badala ya kila ukoo kuchanga peke yake kwa mtoto wake.

Wapo watakaosema kwamba ushauri huu ni wa kusubiri, na anayesubiri taasisi huzeeka akiwa msaidizi. Hoja hiyo ina uzito. Orodha zinaweza kuchelewa, ruhusa zinaweza kukaa mezani, na mtu ana haki ya kuitafuta elimu popote. Lakini kupanga si kusubiri. Mtumishi aweza mwenyewe kumwendea mganga mfawidhi na kuomba barua ya nia, kuliandikia baraza la taaluma yake, kupunguza madeni kwa miaka miwili kabla ya kuomba, na kuiandaa tasnifu yake juu ya ugonjwa unaojaza wodi yake. Hakuna kati ya hayo kinachohitaji fedha za mtu.

Wengine watasema afadhali mkataba mkali wa kumlazimisha kurudi na kutumikia. Mkataba ni wa haki pale umma ulipolipa. Lakini mkataba humrudisha mtu. Haumpi chumba cha upasuaji. Na pale ukoo ulipouza kibanja, mkataba wowote hupambana na deni la damu: bingwa mwenye deni la ndugu kumi atakwenda mahali penye mshahara mkubwa zaidi, iwe ni hospitali binafsi ya Dar es Salaam au ya Ghuba. Hivyo namna masomo yanavyolipiwa huamua, tangu siku ya kwanza, bingwa huyo atamtibu nani. Aliyesomeshwa kwa butura hulazimika kujiuza kwa aliyenunua mapema.

Mgonjwa anayesoma makala haya aweza kuuliza yanamhusu vipi. Yanamhusu kwa kuwa nauli anayolipa kufuata bingwa Mwanza, siku anazokosa shambani, na binamu anayeacha kazi ili kumsindikiza, vyote ni sehemu ya gharama ambayo mkoa unailipa kwa kutopanga. Ana haki ya kumuuliza diwani wake na kamati ya afya ya kituo chake: ni nani anayesomeshwa sasa, anasomea nini, na akirudi atakaa wapi?

Mkulima mwenye subira huiacha punje ibadilike rangi kutoka kijani hadi nyekundu, ndipo huchuma. Haiachi kwa uvivu. Katika miezi hiyo hupalilia, hutandaza matandazo, na hujua tayari ghala atakaloipeleka. Ubingwa wa mtoto wa Kagera unastahili uangalizi huohuo.